Maziko ya Mpiga Baragumu

Ujumbe ulisema saa tisa, na sisi watu wa idir kwa saa ya maziko hatuna mchezo. Chama cha kuzikana ndicho kitu pekee tulichobaki nacho baada ya nyumba zetu kubomolewa na sisi kutawanywa kwenye maghorofa ya Koye na Tulu Dimtu, pembezoni mwa jiji, kila mtu na upande wake. Kufikia saa nane na nusu watu walikuwa wanaingia kwenye geti la kanisa kwa makundi, wanawake wamejitanda mashuka meusi, wanaume wamevaa makoti ya msiba. Sintayehu, mkuu wa mahema, alifika na lori lenye hema zima na viti mia mbili.

Hapakuwa na jeneza. Kulikuwa na kaburi lililokwisha kufunikwa, udongo wake bado mbichi, na kando yake amesimama Emebet, katibu wetu, viatu vimejaa matope na simu iko mkononi.

"Mbona wanachimba hapo tena?" Sintayehu aliuliza. "Yetu iko upande gani?"

"Hawachimbi, Gashe Sintayehu. Wamemaliza."

"Wamemaliza nini?"

"Kuzika. Tangu saa tatu asubuhi."

Sintayehu akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho, akausoma ule ujumbe kwa sauti mbele ya kila mtu: Gashe Bantiwalu amefariki, maziko ni leo, kanisani petu, saa 9:00. Akamgeuzia Emebet kioo cha simu. "Hii ni tatu au ni tisa? Nisomee, wewe uliyesoma."

Emebet aliitazama ile tisa. Alikuwa amepiga simu tangu saa tatu kasoro, alipoona kanisa tupu, na kila mmoja wa wachache waliopokea alimjibu vilevile: si ni saa tisa, dada? Kutoka Koye hadi pale ni mwendo wa saa nzima na nusu. Kasisi alikuwa na jeneza lingine linalomsubiri saa nne, akasema hawezi kungoja. Basi waliomzika walikuwa watu kumi na mmoja, ukiwahesabu kasisi na wachimbaji wawili. Jeneza lilibebwa na watu wanne walewale kutoka getini hadi shimoni, bila mtu wa kuwapokea.

Na marehemu hakuwa mtu wa hivihivi. Kwa miaka thelathini na mmoja Gashe Bantiwalu ndiye aliyekuwa akizunguka mtaani alfajiri na baragumu lake, akilitaja jina la aliyekufa na saa ya kumzika. Hakuna mzazi wetu aliyezikwa bila yeye kutuita. Tulipotawanywa, baragumu halikuweza kufika Koye, ndipo mwezi wa Tahsas, wa nne katika kalenda yetu, tulipoamua kwamba taarifa zitatumwa kwa simu, kutoka kwenye tovuti ya chama. Emebet akajitolea kuitengeneza. Mzee hakununa. Alisema mapafu yake yalitangulia kuchoka kabla yetu. Wa kwanza kutangazwa kwa simu akawa yeye mwenyewe.

"Mjane amesema nini?" aliuliza mama mmoja.

"Amesema mume wake aliita watu wote," alijibu Emebet, "na yeye hakuitiwa hata mtu mmoja."

Wubshet, mume wa Emebet, aliyekuwa amezima simu kazini tangu asubuhi, aliingia getini saa tisa kasoro dakika tano, kola imenyooka, anatembea taratibu kama mtu aliyewahi. Alipoona jinsi watu walivyosimama, akapunguza mwendo. Sintayehu akamshika bega. "Pole, kijana. Mkeo ametuzikia mzee kwa siri."

Alisema hivyo bila kupunguza sauti, na baadhi yetu tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu na mimi nilikuwepo.

.

Nyumbani Emebet alivua viatu mlangoni, akakaa bila kuvua shuka jeusi. Wubshet akaweka kompyuta juu ya meza ya kulia.

"Hebu nionyeshe ulichoandika."

"Kuna faida gani?"

"Lazima nijue kosa liko wapi. Ulitumia nini?"

"Mesob."

Wubshet alinyanyua uso. Mesob ni kazi yake mwenyewe. Yeye na wenzake wawili waliianzisha miaka minne iliyopita, na leo vijana kutoka Bahir Dar hadi Jijiga wanaitumia. Ni kiunzi cha kujengea tovuti: nguzo na kenchi zimeshasimamishwa, mgeni analeta kuta zake tu. Fahari yake kubwa ni kwamba inajua kalenda yetu ya miezi kumi na mitatu na saa yetu inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, mambo ambayo viunzi vya nje havitaki hata kuyasikia. Mwongozo wake umeandikwa kwa Kiamhari, na mwandishi wake ni Wubshet. Kwenye mikutano ya mafundi humwita baba wa Mesob, naye hujifanya hapendi.

"Hukuniambia unatumia Mesob," alisema.

"Nilikuambia. Ulikuwa unakula."

Akafungua ukurasa alioutengeneza mkewe. Ilikuwa kazi safi kuliko alivyotarajia. Akashuka mstari kwa mstari hadi akafika palipoandikwa amri ya saa, s(3, 0), na hapo mkono wake ukasimama. Fundi hahitaji dakika mbili kuona kitu kama hicho. Kilichomchukua muda ni kutafuta la kusema.

"Uliweka sifuri," alisema mwisho.

"Saa tatu na dakika sifuri. Saa tatu kamili."

"Sifuri siyo dakika."

"Ni nini?"

"Moja ni saa yetu. Sifuri ni saa za kizungu. Ukiweka tatu na sifuri, inaelewa saa tatu ya kizungu, ile ya usiku wa manane, halafu inaigeuza kwa hesabu yetu. Inakuwa saa tisa ya usiku. Kwenye ujumbe imetoka tisa peke yake, na nani atazika usiku? Kila mtu amesoma mchana."

Emebet aliipitisha hesabu ile akilini. Alikuwa mwanamke mwenye akili nzuri, aliyefanya kazi miaka tisa kwenye masijala ya mahakama hadi walipopunguzwa. Alipoelewa, aliuliza swali moja tu.

"Imeandikwa wapi?"

"Ipo kwenye mwongozo."

"Nionyeshe."

Akafungua mwongozo, sura ya kwanza, ile aliyoipa jina la Kwa Wanaoanza. Mfano ulikuwepo: Mkutano wa saa tatu asubuhi unaandikwa hivi, s(3, 1). Chini yake akakuta sentensi yake mwenyewe: Kama unavyoona, jambo hili ni rahisi kabisa. Akashuka. Akapanda. Akafungua sura ya pili, kisha ya tisa. Akafungua hadi ule msimbo wenyewe, na kule ndani akakuta ile tarakimu ya pili ameipa jina la herufi k, bila neno lolote pembeni. Hata yeye alijiuliza k ilikuwa kifupi cha nini, na hakukumbuka.

"Hiki ni kitu kila mtu anajua," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mimi nilidhani ni dakika. Nikajiuliza, ni nani huyo anayeita mkutano saa tatu na dakika moja? Ndiyo maana nikauliza."

"Uliniuliza siku ile tuliyokula mchuzi wa shiro. Sikukuelewa vizuri. Nikakwambia usome mwongozo."

"Uliniambia mtoto wa darasa la tano anaelewa."

"Nilikuwa natania, Emebet."

"Najua. Nikaona nisikusumbue. Nikauliza na kule."

"Kule wapi?"

Emebet aliivuta kompyuta upande wake, akafungua ukumbi wa Mesob, pale watumiaji wanapoulizana, akatafuta, akaisukuma irudi kwa mumewe. Kuuliza si ujinga, husemwa, lakini wasemaji hao hawajaingia ukumbi ule. Mtu aliyejiita Jirani aliuliza wiki sita zilizopita, kwa adabu nyingi: Samahani, mimi ni mgeni. Katika s(3, 1), hiyo moja ni dakika? Nimesoma sura ya kwanza mara tatu sijaona. Chini yake kulikuwa na jibu la Wubshet, jina lake kamili na picha yake akitabasamu: Ndugu Jirani, kama hiyo moja inakusumbua, labda jaribu ushonaji. Watu mia mbili na kumi na nne walikuwa wameweka alama ya kicheko.

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa amekaa kwenye kiti hikihiki. Alicheka peke yake kila alama ya kicheko ilipoongezeka, mpaka Emebet akauliza kutoka jikoni kuna nini huko, na yeye akajibu: mjinga mmoja tu.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa nimeishika simu mkononi uliponiambia."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba huyo mjinga wa mia mbili na kumi na nne ni mke wa baba wa Mesob? Nilificha jina nisikuaibishe wewe."

Wubshet alifunga ukurasa ule. Alisema atasimama Jumapili kwenye mkutano wa chama, awaeleze watu wote ukweli ulivyo. Alisema mara mbili. Emebet aliinuka kuvua shuka lake jeusi, akasema sawa.

.

Jumapili baada ya ibada tulikaa kwenye ukumbi wa chama, ule wa mabati, watu zaidi ya mia. Mwenyekiti wetu, Ato Lakew, ni mtu wa kusoma kanuni kabla ya kusema hamjambo. Akasoma ile ya kwamba asiyehudhuria maziko bila sababu hutozwa faini, kisha akafunga kitabu.

"Sasa tuambieni," alisema. "Nimtoze nani? Watu mia mbili na thelathini na mbili? Au nimtoze mmoja?"

Watu wakaguna. Emebet alikuwa amekaa meza ya mbele, daftari la chama liko mapajani. Ndiye mwanamke wa kwanza tuliyemchagua kuwa katibu, na wapo waliompigia kura wakijiapiza kwamba atashindwa. Wubshet alikaa safu ya tatu, karibu na njia. Alikuwa na karatasi mfukoni yenye maneno aliyoyapanga.

Emebet alisimama kabla hajaitwa. "Kosa ni langu," alisema. "Niliandika tarakimu nisiyoijua maana yake. Ningempigia simu mtu mmoja tu na kumwuliza ujumbe wake unasemaje, ningeliona kosa. Sikufanya hivyo. Naomba radhi."

"Radhi utaipeleka kwa mjane, Etete Aselefech," alisema Sintayehu. "Mimi niliteremsha hema nyumbani kwake saa kumi jioni, waombolezaji wamekaa juani tangu asubuhi. Nilionekana mlevi."

"Na mimi nina swali," alisema mama mmoja kutoka nyuma, bila ubaya wowote; ndiyo maana lilichoma zaidi. "Si mume wako ndiye fundi mkubwa wa mambo hayohayo? Yuko ndani ya nyumba! Mbona hukumwuliza?"

Vichwa vyote viligeuka safu ya tatu. Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Hakuna mlango ungeweza kufunguliwa wazi zaidi ya ule. Emebet hakumtazama, alitazama jalada la daftari. Wubshet alitia mkono mfukoni, akaigusa karatasi. Akawaona kina Sintayehu, akamwona kijana mmoja wa chuo aliyewahi kumwomba apige naye picha. Akainamisha kichwa chini kidogo.

Tukakichukua kile kichwa kuwa ni huzuni ya mume. Ato Lakew akamhurumia. "Usijilaumu, mwanangu," alimwambia. "Kuoa siyo kufundisha."

Ukumbi ukacheka. Na Wubshet, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Tulimwondoa Emebet kwenye ukatibu kwa kunyoosha mikono. Alipeleka daftari mezani mwenyewe, akazinyoosha ncha za kurasa zilizokunjika, akarudi kukaa. Ikaamuliwa pia kwamba Alhamisi wazee watampeleka kwa mjane akaombe msamaha kama desturi inavyotaka, jiwe shingoni. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na ile ya Wubshet aliijua mkewe peke yake, lakini hakuitoa nje hata kwa kope.

.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Emebet alipika, alipakua, alimwekea mumewe mkate wa injera upande wake wa sinia, akala upande wa pili. Hakumlisha tonge kwa mkono kama alivyozoea. Wubshet alikula matonge matatu, akaenda kwenye kompyuta.

Kulikuwa na pendekezo la kubadili Mesob limelala pale tangu Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka wetu. Mwalimu mmoja wa Hawasa, Rahwa, anayefundisha wasichana kutengeneza tovuti, alikuwa amepitia sura ya kwanza yote na kuandika upya pale wanafunzi wake walipokwama. Amri ile ya s aliipa jina kamili, saa; ile k akaiondoa, na badala ya moja na sifuri akataka mtu aandike kwa maneno, yetu au kizungu. Kila penye "kama unavyoona" alifuta, akaeleza kile kinachopaswa kuonekana. Mwisho aliandika: Wanafunzi wangu kumi na saba kati ya ishirini walidhani ni dakika.

Wubshet alilikataa pendekezo lile siku ileile lilipofika. Jibu lake lilikuwa bado pale chini: Msimbo mzuri unajieleza wenyewe. Tusiwafanye watu watoto. Mwalimu yule alijibu asante kwa muda wako, hakurudi tena.

Alisoma mpaka chai ikapoa. Kumi na saba kati ya ishirini. Kama angekubali siku ile, Emebet angeandika neno yetu, na Koye nzima ingekuwa kanisani saa tatu asubuhi. Akalikubali pendekezo. Kila badiliko huandikiwa sababu yake, na sababu hiyo hubaki hapo na jina lako, asome anayetaka. Akaandika: Kuboresha maelezo. Akaitazama, akaona ni kichwa kilekile kilichoinama safu ya tatu. Akafuta, akaandika: Mwalimu Rahwa aliniambia na nilimpuuza. Mtu aliniuliza na nilimcheka. Kwa sababu hiyo mzee amezikwa bila watu. Wubshet.

Akamwita mkewe asome sura mpya, aseme kama inaeleweka.

"Mimi tena wa nini?" alisema Emebet kutoka jikoni. Alikuwa anachambua dengu. "Sasa hivi nikielewa, nani atajua? Watu walioko Koye hawasomi huko kwenu."

.

Alhamisi tulikwenda kwa Etete Aselefech, wazee watatu na sisi wengine nyuma yao. Desturi iko hivi: mkosaji anasimama mlangoni, ameinama, jiwe liko kwenye shingo amelishika kwa mikono miwili, na haliteremshi mpaka aliyekosewa aseme. Ato Lakew alikuwa amechagua jiwe la wastani, kwa sababu ni mwanamke. Emebet aliinama alitwae pale nje ya ua. Wubshet akamtangulia, akalishika.

"Liache," alisema Emebet kwa sauti ya chini. "Usifanye maigizo mbele za watu."

"Si maigizo."

"Jumapili ulikuwa na watu mia. Leo ndiyo unaona jiwe?"

Wubshet aliliinua, akaliweka shingoni, akaingia uani. Ato Lakew alimvuta koti, akamwambia kijana usituchanganyie mambo, lakini jiwe lilikuwa limeshafika mlangoni.

Etete Aselefech alikuwa amekaa juu ya godoro la msiba, kichwa kimenyolewa, binti wa dada yake anakaanga kahawa pembeni. Ni mama mfupi, aliyeuza kolo, nafaka za kukaanga, kwenye kituo cha basi miaka mingi, na masikio yake yako sawasawa.

"Nani huyo?" aliuliza. "Niliambiwa ataletwa msichana."

"Ni mimi, Etete. Wubshet, mume wake."

"Waume siku hizi wanawabebea wake zao mawe?"

"Siyo lake. Ni langu."

Nyuma yake tulitazamana. Mama akamwashiria mpwa wake aache kutikisa kikaango.

"Basi sema."

"Etete, kwenye kile kiunzi kuna amri ya muda, na ile tarakimu ya pili inayoamua aina ya saa, mimi sikuiweka kwenye maelezo ya..."

"Sijaelewa," alisema Etete Aselefech. "Anza upya."

Wubshet aliliweka jiwe vizuri shingoni. Jiwe lilikuwa limeanza kupata uzito. "Kuna programu inayogeuza saa. Mtumiaji akikosea kuchagua..."

"Mtumiaji ndiyo nani? Hilo ni jina la mtu? Anza upya."

Kuna aliyetaka kucheka nyuma, akakanyagwa mguu. Jasho lilikuwa linamtiririka Wubshet kwenye pua, na hana mkono wa kulifuta. Alitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliyatafuta kwa ajili ya mtu mwingine.

"Nilitengeneza chombo," alisema. "Chombo hicho ukikiambia saa, kinawaandikia watu. Lakini hakijui kama unasema saa yetu au saa ya kizungu. Lazima ukiambie. Ukitaka saa yetu, unaandika moja. Ukiandika sifuri, kinafikiri umesema ya kizungu, na saa tatu inatoka tisa. Sikuandika popote kwamba moja ndiyo yetu."

"Kwa nini hukuandika?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Mimi nilijua?"

"Hapana, Etete."

"Huyu mkeo alijua?"

"Hapana."

"Nani alijua?"

"Mimi," alisema Wubshet. Akafikiri kidogo. "Na wenzangu wawili."

Etete Aselefech alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu kidogo. Kisha akauliza lile lililokuwa limebaki.

"Na huyu mtoto alikaa tu? Hakuuliza?"

Emebet alikuwa amesimama karibu na ukuta, na sasa alimtazama mumewe, wala hakumsaidia.

"Aliuliza," alisema Wubshet. "Aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nakula, nikamwambia mtoto wa darasa la tano anaelewa. Mara ya pili aliuliza mbele za watu, sikujua kama ni yeye. Nilimwambia akashone nguo. Watu mia mbili walimcheka, na mimi nilicheka nao. Jumapili mlipomwuliza mbona hakuniuliza, nilikuwa nimekaa pale. Nilinyamaza mkamvua ukatibu."

Ato Lakew alikuwa anaangalia viatu vyake. Sisi tuliocheka kaburini na tuliocheka ukumbini hatukuwa na pa kuangalia.

"Haya," alisema Etete Aselefech. "Sasa nimeelewa."

Akainuka kwa kuegemea goti, akavuka mlango akimpita Wubshet pembeni, akamshika Emebet mkono. "Ingia, mwanangu," alimwambia. "Keti hapa kwangu. Bantiwalu alikupenda, alisema wewe ndiye uliyemwomba ruhusa kabla ya kumnyang'anya kazi." Akawaita na wazee, wakaingia mmoja mmoja wakipinda mabega kumkwepa mtu aliyesimama mlangoni. Kahawa ya kwanza ikamiminwa. Emebet akapewa kikombe kabla ya Ato Lakew.

Hakuna aliyemwambia Wubshet ateremshe jiwe, na yeye hakuuliza.